Ekzosi imechakaa? Soma dalili kwanza ndo ushike msasa

Ekzosi nyingi zinaharibikia mikononi mwa mtu anayezisafisha, na sababu kubwa ni haraka. Unaona bomba limekuwa la kahawia, unachukua stilwaya na msasa, unasugua mpaka mkono unauma, linang'aa kweli kweli, alafu wiki mbili baadae limerudi vilevile au limekuwa baya kuliko mwanzo na unaanza kulaumu chuma. Kumbe ule ukahawia ulikuwa alama ya joto na we umeutibu kama kutu, au yalikuwa mafuta yaliyoungulia juu ya bomba, au ilikuwa kutu kweli ila umeisugua kwa kitu kilichoacha kutu nyingine. Kila kimoja kina dawa yake na dawa ya hiki inaweza kuwa sumu kwa kile. Kwaiyo twende kwa dalili, ila kuna mambo mawili lazima yatangulie.

Jua chuma unachoshika

Chukua sumaku, hata ile ndogo ya kubandika kwenye friji, iguse kwenye bomba. Isiponata kabisa au ikinata kwa mbali sana, uwezekano mkubwa hiyo ni stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya aina inayoitwa 304, ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, na ndo inayokubali kung'arishwa mpaka ujione sura. Ikinata kwa nguvu usikimbilie kusema ni chuma cha kawaida, hapo ndo wengi wanapotea, maana stenlesi ya 409 nayo inanata na imetumika kwenye ekzosi nyingi sana za kiwandani. Hiyo 409 ina kromiamu kama asilimia 11 tu, inatosha kuizuia isiliwe haraka ila haitoshi kuizuia isipate ukahawia wa juu juu, kwaiyo ukiiona ya kahawia ikiwa bado changa usishtuke, ndo tabia yake.

Kuna chuma kilichovikwa alumini, hiki nacho kinanata, kina rangi ya kijivu iliyopooza, hakina mng'ao. Ngozi yake ya alumini ni nyembamba mno, ukipitisha msasa mkali umeivua mwenyewe na chuma cha ndani kitaanza kutu hapo hapo. Kromu inakuwaga kwenye mdomo tu, ule urembo wa mwisho, unaijua kwa kuwa inaakisi kama kioo na ina ubaridi fulani wa rangi ambao stenlesi haina.

La pili, jua kama bomba bado zima. Chukua bisibisi butu ugonge gonge taratibu chini ya sailensa, kwenye maungio ya kuchomelea na kwenye mikunjo. Chuma kizima kinalia kwa sauti kavu, kilichooza kinatoa sauti ya kufa na bisibisi inaacha shimo la kubonyea. Ikizama, acha habari ya kung'arisha, hilo bomba linataka kuchomelewa au kubadilishwa, kwa sababu moshi unaotokea chini ya gari unaweza kuingia ndani na ndani yake kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa wamekaa kwenye siti. Kwa sababu hiyohiyo usiwashe injini kwenye chumba kilichofungwa ukiwa unajaribu kazi yako, hata dakika chache.

Na kazi yote ifanyike ekzosi ikiwa ya baridi, gari likiwa juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia, sio ya kulalia chini yake. Miwani ya kukinga macho usiiache, brashi ya waya ikiwa kwenye drili inarusha vijiwaya kama sindano.

Ukahawia unaoacha unga kwenye kidole

Pitisha kidole kikavu. Kikitoka na unga mwekundu au wa rangi ya machungwa, hiyo ni kutu ya kweli. Hii ndo rahisi kuliko zote kama hujachelewa.

Osha kwanza kwa sabuni ya maji na brashi, alafu futa kwa thina au spiriti. Watu wanaruka hii hatua wanaenda moja kwa moja kwenye msasa, matokeo yake mafuta na lami vinasukumwa ndani ya mikwaruzo na baadae rangi haishiki. Likishakauka, brashi ya waya itoe magamba yote yanayotoka, alafu msasa namba 80 kwenye sehemu zenye vishimo, 120 kwingine, malizia na 240 kama utapaka rangi. Ukiona vishimo vyeusi vidogo vimebaki baada ya 80, hiyo ni kutu iliyojificha chini, usiiache. Paka asidi ya fosforiki, zile dawa za kutu zinazogeuza kutu kuwa nyeusi nyingi ndo hizo, iache ifanye kazi kwa mda ulioandikwa kwenye chupa, suuza, kausha haraka.

Nimesema haraka na namaanisha. Chuma cha kawaida kikishavuliwa kikabaki uchi na maji juu yake, kinaanza rangi ya machungwa tena ndani ya saa chache, mi nimeshawahi kuacha bomba lililosafishwa vizuri usiku mmoja kwenye hewa yenye unyevu na asubuhi nikalikuta lina ukungu mwekundu mwili mzima. Chuma cha kawaida hakinaga kitu kinaitwa kung'arisha na kuacha hivyo. Ukikisafisha, kipake rangi siku hiyohiyo.

Angalizo moja kuhusu dawa za kugeuza kutu: nyingi hazikutengenezwa kuvumilia joto la bomba. Huku nyuma karibu na mdomo zinaweza kukaa, ila karibu na injini zinaungua na kubanduka pamoja na rangi iliyo juu yake. Kule mbele tegemea msasa, sio dawa.

Vidoa vidogo vya kutu kwenye stenlesi uliyotoka kuisafisha

Hili ndo linalouma zaidi kwa sababu umeshafanya kazi. Bomba lilikuwa linang'aa Jumamosi, Jumatano mvua imepiga, Ijumaa unakuta vidoa vya kahawia kama madoa ya chai yaliyorushwa, vingine vimejipanga mstari mstari. Angalia hiyo mistari inaenda upande gani. Kama inafuata ulivyokuwa unasugua, jibu unalo: umetumia stilwaya ya kawaida au brashi ya waya wa chuma, au msasa uliokwishatumika kwenye chuma kingine. Vijichembe vya chuma vimebaki vimejichimbia juu ya stenlesi, na vyenyewe ndo vinavyopata kutu. Stenlesi yako ni nzima kabisa, imepakwa tu kutu ya mwenzake.

Stenlesi inajilinda kwa ngozi nyembamba sana ya oksidi ya kromiamu inayojiotea yenyewe ikikutana na hewa. Chembe za chuma zikikaa juu yake ngozi haifungi vizuri pale chini. Dawa ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu, gramu 50 mpaka 100 kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu. Lowesha kitambaa, zungushia bomba, funika na mfuko wa plastiki kisikauke, acha kama saa moja au mbili huku ukiangalia, vidoa vinalainika na kutoka. Alafu suuza na maji mengi yenye bekingi soda kidogo, suuza tena maji matupu, futa pakauke. Kuanzia hapo tumia brashi ya waya wa stenlesi au sponji ngumu ya kijani ya kusugulia vyombo, na uwe nayo ya ekzosi peke yake.

Kama vidoa havina mistari, vimetawanyika na vina kishimo kidogo katikati, hiyo ni habari nyingine. Hapo ni kloridi, yaani chumvi ya baharini, chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, au dawa uliyopaka mwenyewe. Usipake bleach ya nguo wala asidi ya hidrokloriki ya kusafishia masinki kwenye stenlesi, zote mbili zina klorini na zinachimba vishimo visivyozibika. Na hizo mbili zikikutana zinatoa gesi ya klorini, inachoma mapafu.

Rangi ya dhahabu, zambarau, bluu

Hii sio uchafu, kwaiyo sabuni haitoi, usipoteze mda. Stenlesi ikipata joto ile ngozi yake ya oksidi inanenepa, na unene tofauti unarudisha mwanga kwa rangi tofauti. Kwa 304, rangi ya majani makavu inaanza karibu nyuzi 300 za Selsiasi, kahawia huko kwenye 400, zambarau karibu 450, bluu kwenye 550 hivi. Yaani bomba lako limejiandikia joto lake lenyewe, ukisoma kuanzia kwenye injini kurudi nyuma unaona jinsi moshi unavyopoa.

Rangi hizi kuonekana karibu na injini au kwenye alama za kuchomelea ni kawaida. Cha kuuliza ni kama zimetokea ghafla mahali ambapo hazikuwepo. Bluu ikisogea nyuma, au manifoldi, yale mabomba ya kwanza yanayopokea moshi kwenye injini, ikiwa inawaka nyekundu usiku gari likiwa limesimama linaunguruma tu halina mzigo, tafuta tatizo la injini kabla ya polishi: mafuta machache mno kwa hewa inayoingia, taiming ya kuwasha mafuta imechelewa, au masega (kichujio cha moshi ndani ya ekzosi) yameziba moshi hautoki. Ukiling'arisha bila kutibu hilo, bluu inarudi ndani ya safari moja.

Kuitoa: ile ya dhahabu inatoka kwa polishi ya chuma na kitambaa, mkono tu, subira kidogo. Zambarau na bluu zinataka sponji ya kijani au msasa wa maji namba 600, alafu unapanda 800, 1000, 1500, 2000, ndo polishi. Kuna pesti za viwandani za kutolea alama za kuchomelea zinafuta mara moja, ila ndani yake kuna asidi ya hidrofloriki ambayo inapenya ngozi na kwenda kula mpaka mfupa, na maumivu yanaweza kuchelewa ukadhani uko salama. Mi naona hiyo sio kitu cha kushika nyumbani, hata na glavu.

Sasa kuna kajambo kamoja kanaumiza roho. Umemaliza, bomba ni kioo, unalifunga kwa mikono mitupu, unawasha. Kila mahali uliposhika mafuta ya vidole yanaungulia pale na unapata alama ya kidole gumba ya kahawia, na mistari yake yote unaihesabu, na hiyo haifutiki kwa kitambaa. Futa bomba zima kwa spiriti na kitambaa safi kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, na ukishafuta usiliguse tena.

Mdomo mweusi

Futa kwa kitambaa cheupe ukiangalie. Weusi mkavu, mwepesi, unaopeperuka ukipuliza, ni masizi ya kawaida ya kaboni. Injini za dizeli na zile za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda zinatoa haya zaidi, sio ugonjwa. Kama injini haikuwa hivyo na sasa mdomo unajaa ndani ya siku chache, na ulaji wa mafuta umepanda, basi inakunywa mafuta mengi mno kwa hewa inayoingia, angalia filta ya hewa, nozeli, sensa ya oksijeni. Weusi unaonata kama grisi ni oili inayoungua, hapo polishi haina la kufanya, fundi injini ndo mwenye kazi.

Kusafisha kwenyewe ni kwepesi: maji ya moto, sabuni ya vyombo, brashi kuukuu ya meno kwa ndani. Masizi yaliyogandamana yanalainika kwa dawa ya kusafishia oveni ikipakwa bomba likiwa la baridi, ila hiyo ni alkali kali, ikigusa alumini inaila na ikigusa rangi ya bampa inaibabua, kwaiyo funika bampa.

Kromu yenye vidoa

Usishike msasa. Kromu ni ngozi nyembamba juu ya nikeli, ukiitoboa haina kurudi. Kunja kipande cha foili ya kufunikia chakula, kichovye kwenye maji, sugua kwa mizunguko midogo, alumini ni laini kuliko kromu kwaiyo inatoa kutu bila kukwaruza. Maji yatakuwa kama uji mweusi, futa, malizia na polishi. Vikibaki vitundu vyeusi, pale kromu imeshatoboka na kutu inatoka chini, utaipunguza kwa nta ila haitaisha mpaka ipakwe kromu upya.

Doa jeusi gumu lililoganda

Mfuko wa plastiki au lami. Plastiki: washa injini mpaka doa lilainike bila kutoa moshi, zima, kwangua kwa kipande cha mti, rudia. Lami: bomba la baridi, mafuta ya taa kwenye kitambaa, alafu osha na sabuni mpaka harufu iishe kabla ya kuwasha, usiache mafuta ya taa juu ya kitu kitakachopata joto.

Umeng'arisha lakini bado lina ukungu au mikwaruzo

Karibu kila mara umeruka namba ya msasa. Kutoka 240 kwenda 800 moja kwa moja, 800 haina nguvu ya kufuta mifereji ya 240, inaing'arisha tu na kuifanya ionekane vizuri zaidi. Rudi nyuma. Kila namba sugua ukikata njia ya namba iliyopita, kama ya kwanza ilizunguka bomba hii iende kwa urefu, na usihame mpaka mistari ya zamani iishe yote ukiangalia kwa tochi ya pembeni. Ukungu mweupe baada ya polishi ni polishi iliyokaukia kwenye mikwaruzo, oshea spiriti.

Rangi uliyopaka inamenyuka

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndo malalamiko mengi.

Angalia inavyomenyuka. Ikitoka kama ngozi ya kitunguu, vipande vikubwa, na chini yake chuma ni kisafi na laini, basi hukukwaruza vya kutosha au ulibakiza mafuta. Rangi inataka kucha za kushikia, chuma kilichong'arishwa hakina. Ikitoka na kutu imebaki nyuma ya kipande, ulipaka juu ya kutu. Ikifanya malengelenge, ulipaka nene au chuma kilikuwa na unyevu, mvuke umetafuta pa kutokea. Ikibadilika kuwa unga wa kijivu karibu na injini, rangi yenyewe haikuwa ya joto hilo. Rangi ya kawaida na praima ya kawaida hazidumu kwenye ekzosi hata wiki. Unataka rangi ya joto kali, zile za silikoni zinazoandikwa nyuzi 600 au zaidi, na kama inahitaji praima iwe ya aina hiyohiyo. Chuma kilichopakwa zinki usikitumie kule mbele wala usikichomelee bila kukivua, moshi wa zinki unaleta homa.

Na ikiwa inamenyuka kirahisi tu, ukiigusa kwa kucha inatoka, ukiimwagia petroli inayeyuka, haijapikwa. Hili wengi hawalijui. Rangi ya silikoni ikikauka kwa hewa inakuwa imekauka kwa macho, ugumu wake unakuja na joto, tena la kupanda ngazi kwa ngazi. Kopo lina maelekezo yake na hayo ndo ufuate, ila mpango unakuwaga hivi: mikono miwili mitatu myembamba, sio mmoja mnene, acha ikauke, washa injini dakika kama kumi bila kukanyaga mafuta, zima ipoe kabisa, washa dakika ishirini, zima ipoe, ndo utoke safari ya kawaida. Itatoa moshi na harufu kali mara ya kwanza, fanyia nje na usiwe karibu. Ukipaka jioni alafu asubuhi ukapanda mlima na mzigo, umeichemsha kabla haijaiva.

Kama umesafisha mafuta kwa brake cleaner, soma kopo, zile zenye klorini zikipata joto kali au cheche za kuchomelea zinatoa gesi ya fosjini, ni sumu ya kuua. Tumia isiyo na klorini na iache ikauke kabisa.

Kutu inarudi pale pale chini ya sailensa

Umefanya yote sawa, mbele kumetulia, ila sailensa kwa chini inarudia. Hiyo inaanzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa maji karibu lita moja, yanatoka kama mvuke, na safari ikiwa fupi bomba halipati joto la kuyakausha, yanatulia kwenye tumbo la sailensa yakiwa na asidi kidogo na kula chuma kutoka ndani kwenda nje. Msasa wako hauwezi kufika huko. Gari la safari fupi fupi lipe angalau safari moja ndefu kwa wiki, nusu saa barabarani, likaushe tumbo.

Alafu chungulia chini ya sailensa, sehemu ya chini kabisa, nyingi zina kitundu kidogo kilichotobolewa kiwandani. Maji yanayodondoka hapo asubuhi sio ubovu, ni kitundu kinafanya kazi yake. Nimeona mtu kakichomelea akidhani kinavuja, sailensa ikaoza mwaka uleule. Kizibue kwa waya mwembamba, na siku ya kupaka rangi kichomeke kijiti cha kiberiti, ukichomoe rangi ikiwa bado mbichi.